Uchafu wa Kuaminika

Muungano wa Wauza Vifaa vya Umeme wa Thika na Viunga Vyake umetangaza, kwa heshima zote na kwa herufi kubwa, kwamba tatizo la betri hafifu za lithiamu limekwisha. Kila betri inayouzwa na mwanachama imepimwa na wataalamu. Iliyofaulu imebandikwa stika ya kijani yenye picha ya kidole gumba kilichosimama wima; iliyofeli imeondolewa sokoni. Kwa hivyo, linaendelea tangazo, mnunuzi hana sababu tena ya kuwa na shaka, wala ya kujisumbua kupima mwenyewe. Limetiwa sahihi na katibu wa muungano, Bwana Mugo, na kugongwa muhuri mara mbili, pengine kwa sababu wa kwanza haukuaminika.

Nakala moja ilibandikwa kwenye mlango wa duka la dawa za mifugo kule Gatongora. Hapo ndipo Dorine Apiyo alipolisoma, amesimama, kikapu mkononi, kwa makini ya mtu anayesoma maelezo ya dawa aliyopewa na jirani asiyeelewana naye.

"Hana sababu ya kuwa na shaka," alirudia kwa sauti. Kisha akaenda zake, akiwa na shaka kuliko alivyokuja.

Apiyo alitoka Ugenya kumfuata mumewe, Calvince, aliyekuwa amepata kazi katika kiwanda cha sabuni Thika. Walipanga chumba Gatongora wakisema ni kwa muda, na huo muda bado unaendelea. Alianza na kibanda cha kuchaji simu. Wateja wakawa wanamletea tochi zisizowaka, kisha mashine za kinyozi zinazozimika mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, na kidogo kidogo akawa ndiye mtu wa betri. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na mita ya kupimia umeme, mizani ndogo iliyowahi kupima viungo vya pilau, balbu ya taa ya gari, na kipaji cha kutoamini mtu.

Watu wa huku huziita betri za tochi mawe. Lithiamu ilipoingia sokoni ikalirithi jina hilo, na kwa baadhi yake jina lilikuwa maelezo kamili. Apiyo aligundua mapema kwamba kadiri jiwe lilivyo duni, ndivyo nambari ya chaji iliyoandikwa juu yake inavyokuwa kubwa. Akaacha kusoma nambari, akapima uzito: jiwe jepesi ni jiwe tupu. Kipimo hicho kilimfaa kwa muda, mpaka siku alipopasua moja zito mlangoni pake akakuta ndani kijibetri cha ukubwa wa kidole cha mtoto, na pembeni mchanga. Mchanga safi, uliochekechwa. Calvince aliuangalia akasema ungefaa kupiga plasta.

Basi akahamia kwenye kipimo cha tatu, ambacho ndicho kilichompa jina: uchafu.

Ieleweke kwamba huku kwetu gari, laptopu, hata kiti cha ofisi, kikishatumiwa na Mwingereza hupata sifa ambazo kipya hakina. Huitwa eks-UK, na neno hilo hutamkwa kwa unyenyekevu. Inasadikiwa kwamba Mwingereza hanunui kitu kibovu, na akikitupa ni kwa kuchoshwa nacho tu. Apiyo alilishika fundisho hili kwa betri. Jiwe lililong'olewa ndani ya laptopu kuukuu, likiwa na mikwaruzo, gundi iliyokauka na vumbi la miaka, lilikuwa limefanya kazi mahali fulani. Jipya lilikuwa limefanya nini? Lilikuwa limeandikwa tu.

"Uchafu hauna sababu ya kudanganya," alikuwa akiwaambia wateja. Wateja walimwelewa, wakawaambia wengine, na baada ya muda kutoka Gatongora hadi Juja hakuna aliyetaka jiwe linalong'aa.

Naliaka alimjia Apiyo Jumatatu moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika. Walijuana kanisani. Naliaka anaishi Murera, na kazi yake ni kuangulia watu mayai: unamletea trei, anaiweka kwenye mashine ya umeme, baada ya wiki tatu unachukua vifaranga. Mwezi wa tano stima ilikuwa imepotea kutwa nzima na mayai ya watu yakapoa ndani ya mashine. Wenyewe walimsamehe kwa mdomo.

"Mama Austine, wamebandika notisi," alisema kabla hajaketi, akimwita Apiyo kwa jina la mwanawe. "Alhamisi ya wiki ijayo wanakata stima. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Na mayai yatakuwa karibu kuanguliwa."

"Ya nani?"

"Ya watu. Mashine imejaa. Hii ikiharibika tena, dada, hakuna mtu ataniletea hata yai la kuchemsha."

"Kwa nini wanakata?"

"Wanarekebisha nguzo."

"Nguzo gani?"

"Sasa mimi nitajuaje nguzo gani?"

Apiyo alifikiri kidogo juu ya nguzo hiyo, akaiweka kando ya akili pamoja na mambo mengine ambayo hayajathibitishwa. "Nitakuundia betri," alisema. "Itashika hiyo siku yote."

"Kweli?"

"Usiniulize kweli. Uliza Ijumaa."

Kesho yake alikwenda Thika kwa Gathogo, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya steji kuu ya matatu, kati ya muuza mitumba na mtu wa kutengeneza miavuli. Gathogo ni mwanachama wa muungano, na alikuwa amelining'iniza tangazo mahali ambapo wengine huning'iniza kalenda.

"Haiya! Mkaguzi mkuu ameingia!" aliwapigia kelele majirani zake. "Ficheni vitu!"

"Kama uko na vya kuficha, umeshaficha," alisema Apiyo.

"Leo nina mpya, mathe. Za stika. Angalia hicho kidole vile kimesimama."

"Nimekiona. Na betri ikiwa mbaya kinaangalia wapi?"

"Ikiwa mbaya hakuna stika."

"Nani anabandika?"

"Si sisi wenyewe."

"Nipe zile za laptopu."

Gathogo alishusha pumzi. "Mama Austine, vitu safi vilikukosea nini? Hata nguo mpya unavaa ukiwa umeshaburuta chini kwanza?" Lakini alikuwa tayari ameinama, akatoa katoni chini ya meza. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayemtaja ndugu aliyefanikiwa. "Eks-UK. Hizi zimetoka ofisi ya benki. London."

"Benki gani?"

"Kubwa."

Mawe yalikuwa machafu kweli. Apiyo aliyageuza moja moja, akayanusa, akayapima uzito, akachagua, akalipa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akajihisi yuko mahali anapopajua.

Nyumbani aliyachaji yote, akayapanga dirishani kwenye trei ya mayai ya karatasi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyaacha. Jiwe zima, ukilichaji na kuliacha, hukaa na chaji yake. Jiwe bovu huanza kuipoteza polepole bila kuguswa na mtu. Apiyo aliheshimu kipimo hiki kuliko vyote kwa sababu hakihitaji maelezo ya muuzaji.

Ilikuwa Jumamosi Calvince alipoyaangalia, kikombe cha chai mkononi. Amekaa kiwanda cha sabuni tangu ujana wake, na ingawa hajui lolote kuhusu lithiamu, anajua adui wa sabuni.

"Min Austine," alimwita kwa Kijaluo, "hizi mbona zimechafuka kama mapacha?"

"Zimetoka ofisi moja."

"Hata watu wa ofisi moja hawachafuki hivi. Shati ya mtu wa grisi inachafuka hapa na hapa. Hii imepakwa kila mahali sawasawa, mpaka huku chini. Nani huchafuka kisigino na utosi kwa wakati mmoja?"

Apiyo alichukua kitambaa, akakitia spiriti, akafuta jiwe la kwanza. Uchafu ulitoka wote mara moja, kama uliokuwa ukingoja kuombwa. Ulinuka majivu na mafuta ya kupikia. Chini yake kulikuwa na plastiki inayong'aa, haijawahi kuona laptopu wala London. Akatafuta kwenye ncha zile alama mbili ndogo ambazo jiwe la laptopu huachiwa na bati lililochomelewa, hazikuwepo. Alama ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizitazama kila wiki, na safari hii hakuzitafuta kwa sababu uchafu ulikuwa umemtosha. La pili, hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na kipande cha karatasi ya kijani ambacho hakikubanduka vizuri. Aliinamisha taa. Kilikuwa nusu ya kidole gumba.

Akaliunganisha na balbu ya gari. Balbu iliwaka nyeupe, ikageuka ya njano, ikawa nyekundu kama kaa la sigara, ikazima. Calvince alikuwa hajamaliza chai.

Kudanganywa Apiyo alikuwa amekuzoea, anaamka akikutegemea. Ila alikuwa hajawahi kudanganywa kwa kipimo chake mwenyewe. Mtu alikuwa ameketi akajiuliza Dorine Apiyo wa Gatongora huamini nini, akapata jibu, akalitengenezea bidhaa.

Jumatatu asubuhi alifika Thika kabla Gathogo hajamaliza kufungua. Aliingia moja kwa moja nyuma ya pazia. Dada yake Gathogo, Tabby, alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, sufuria ya majivu miguuni, waya wa kusugulia vyombo mkononi, analikwaruza jiwe jipya kwa uangalifu wa mtu anayemsuka bibi harusi.

"Wĩ mwega, Mama Austine," alisalimu Tabby kwa Kikuyu, kwa adabu, bila kuacha kusugua. "Mimi nilimwambia tukizidisha majivu watajua. Yeye anasema ongeza."

Gathogo alitokea nyuma yake. Alitazama sufuria, akamtazama dada yake, akaona hakuna uongo unaoweza kupita katikati ya vitu hivyo viwili.

"Kaa chini, mathe."

"Sikai."

"Basi nisikilize ukiwa umesimama. Nani alikataa mpya? Si nyinyi? Zimekaa hapa mwaka mzima zikipigwa na vumbi. Tukaweka stika, mkatoroka kabisa. Nikatoa stika, mkasema mbona zinang'aa. Nikachafua kidogo tu, zikaisha kwa wiki. Wiki, Mama Austine! Watu walipanga laini. Sasa niambie, mwizi hapo ni nani?"

Apiyo alilipima swali hilo kwa haki. "Ni wewe," alisema.

"Sawa, ni mimi. Lakini na nyinyi mko ndani."

"Na wale wataalamu wa kupima?"

"Waliangalia kama zinawaka."

"Zikawaka?"

"Siku hiyo ziliwaka."

Hapo Alhamisi ilikuwa inakuja mbio na Apiyo hakuwa na jiwe hata moja. Alizungusha macho. Nyuma ya Tabby kulikuwa na gunia, na mdomoni mwa gunia zilionekana betri za laptopu, nzima, bado zimo ndani ya makasha yao meusi, nyingine zimepasuka pembe.

"Hizo je?"

"Hizo ni takataka. Zinangoja mtu wa vyuma, ananunua kwa kilo. Zimekufa."

"Nani alisema zimekufa?"

"Laptopu zenyewe zilikataa kuwaka nazo. Mama Austine, siwezi kukuuzia hizo. Nitaaibika."

"Nitachukua gunia lote," alisema Apiyo. "Kitu cha kwanza katika duka hili ambacho hujakisifu."

Betri ya laptopu ni kama kwaya: mawe kadhaa ndani ya kasha moja, na mawili yakipoteza sauti, yote yanaambiwa yanyamaze. Apiyo alilijua hilo. Alipasua makasha taratibu, ncha ya kisu ikikaa mbali na mawe, kwa kuwa jiwe la lithiamu ukilitoboa hulipiza hapo hapo kwa moto. Yaliyokufa aliyatenga. Yaliyobaki aliyachaji akiyagusa kwa mgongo wa mkono, na lililopata joto alilitoa nje na kulilaza kwenye debe la udongo, mbali na nguo za watu zilizoanikwa. Kisha balbu ya gari, moja baada ya jingine. Mengine yaliwasha balbu ile kwa subira ya kushangaza.

Kilichomkera ni muda. Mawe yale yalistahili kulala wiki nzima kabla ya kutolewa hukumu, naye alikuwa na usiku mmoja tu wa kuyapa. Aliyaunga, akaweka ile bodi ndogo inayozuia chaji isizidi wala isiishe kupita kiasi, na akayagawa mafungu mawili yanayoweza kutenganishwa, kwa sababu hakuamini fungu moja.

"Sasa hizi unaziamini?" aliuliza Calvince.

"Siziamini. Nimezipima."

"Si ni kitu kimoja?"

"Ningeziamini, kesho ningebaki nyumbani."

Kwa hiyo Alhamisi alfajiri alikwenda Murera na betri yake ndani ya ndoo iliyofunikwa kanga, akaketi na Naliaka kwenye chumba cha mashine. Mashine ni sanduku la mbao lenye kioo kidogo mbele. Ndani yake joto linatakiwa lisipungue sana nyuzi thelathini na saba. Ukiweka sikio, mayai mengine yalikuwa yameanza kugonga kutoka ndani.

Stima ilikatika kabla ya saa tatu. "Hata kukata hawawezi kukata kwa wakati," alisema Naliaka. Betri ilishika. Walikunywa chai, wakatazama kipimajoto, wakala viazi, wakatazama kipimajoto. Naliaka aliomba, Apiyo aligusa mawe. Kila mmoja alimwachia mwenzake upande wake.

Saa saba stima ikarudi.

"Bwana asifiwe!" Naliaka aliruka. "Toa betri, Mama Austine, ipumzike."

"Usiiguse."

"Lakini imerudi!"

"Walisema saa kumi na moja. Nani wa hiyo kampuni amewahi kukurudishia kitu mapema? Wacha iingize chaji kidogo, lakini isitoke hapo."

Naliaka aliketi, akanuna kidogo. Baada ya muda wa kuosha vikombe stima ikaondoka tena, na sasa ikawa imeondoka kweli. Saa kumi na moja ilifika, ikapita. Apiyo aliweka mkono kwenye fungu la pili la mawe na hakuuondoa upesi kama kawaida. Akaweka tena.

"Nini?" aliuliza Naliaka.

"Kuna moja linapata joto."

"Joto si ndilo tunataka?"

"Si huko."

Alilichomoa fungu hilo zima, akalibeba nje kwa kanga, akaliacha juu ya udongo mtupu, mbali na ukuta. Fungu la kwanza likabaki peke yake na mzigo wote. Kipimajoto kilishuka nusu nyuzi, kikasimama, kikashuka tena kidogo. Naliaka alileta blanketi la kitandani mwake wakaifunika mashine, wakiacha matundu ya hewa wazi. Ndani ya sanduku kugonga kuliendelea. Apiyo hakuwa na kipimo kingine. Aliketi akiitazama mita ikipungua, na kama kulikuwa na jambo analoliamini saa hiyo, hakulitaja.

Giza lilikuwa limeanza kuingia taa ya jirani ilipowaka, kisha ya Naliaka. Kipimajoto kilikuwa chini ya kiwango, lakini si sana. Naliaka alimkumbatia Apiyo, ambaye alikuwa bado anaiangalia taa kwa mashaka.

Jumamosi vifaranga walitoka. Si wote, katika kila trei kulikuwa na mayai machache yaliyonyamaza. Lakini mashine ilijaa kelele, na kuanzia asubuhi wenyewe walikuja na maboksi yao yenye matundu, wakawachukua, wakauliza lini wanaweza kuleta mengine. Apiyo alikuwepo. Alikuwa amekuja kulitafuta jiwe lililokuwa limepata joto, na alikuwa amelipata, na alikuwa analitazama uani.

Wa mwisho alikuja mama mmoja mnene, mchangamfu, kwa pikipiki kutoka Ruiru. Aliwahesabu vifaranga wake kwenye boksi akiwaongelesha kwa Kikuyu.

"Niandike jina gani?" aliuliza Naliaka, kalamu mkononi, boksi likiwa tayari kufungwa.

"Andika Mama Mugo. Mzee wangu ndiye katibu wa wale watu wa vifaa vya umeme, Thika. Wengi wanamjua."

Apiyo aligeuka polepole. "Lakini nasikia Bwana Mugo ako na mashine yake ya kuangulia. Kubwa."

"Iko. Kuliko hii mara mbili."

"Imeharibika?"

"Hata." Mama Mugo alifunga boksi kwa kamba, akalikagua fundo. "Iko sawa kabisa. Na betri yake ni mpya, ya stika."

Kisha akamwomba Naliaka amwekee nafasi ya trei mbili mwezi ujao.